Kikopo cha Sindano

Jumatatu, 3 Machi
Kliniki, kwa amri ya mke wangu. Nashona suti tangu nina miaka kumi na sita, sikufundishwa na mtu, leo napimwa kiuno na muuguzi, binti wa juzi. Sentimita 112. Nimemwambia tepu yake imechakaa. Sukari nayo juu. Kasema kitambi na sukari si shida ya suruali tu, vinaongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana. Kanipa kikopo cha kutilia kinyesi, kipimwe kama kina damu. Shemeji naye kapewa, maana ugonjwa huo ndio uliomchukua baba yao yeye na mke wangu. Kiuno chake 74. Ndiyo maana tunamwita Sindano. Kaniuliza natarajia kujifungua lini.

Jumanne, 4 Machi
Nimepiga hesabu. Majibu yangu yakiwa mabaya, soda zangu nne za kila siku basi tena. Sindano ni mwembamba, kwa hiyo chake kisafi. Vikopo viko mfuko mmoja, mpelekaji mimi. Lebo mbili, gundi hafifu. Dakika moja na nusu, zimebadilishana.

Jumatatu, 10 Machi
Karatasi ya Sindano: safi. Yangu: damu. Alhamisi niingizwe kamera utumboni. Mke wangu kakaa jikoni. Sindano kaacha utani. Kaniambia, shemeji usiogope, nitakusindikiza.
Damu ni yake.

Jumatano, 12 Machi
Kutoka cherehani hadi mlangoni, mara arobaini. Nikinyamaza, atakwenda kama baba yake huku akiniuguza mimi. Nikisema, nitakuwa mwizi wa kinyesi mpaka kaburini.
Nimesema. Mke wangu kaniuliza mara mbili kama amesikia sawasawa. Sindano kacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akauliza kamera ni saa ngapi kesho.

Ijumaa, 21 Machi
Walimkuta na kinyama kimeota utumboni, wakakikata. Maabara wamejibu leo: hakijawa saratani, ila kilikuwa njiani. Mke wangu kalia, kamkumbatia kaka yake. Mimi niliyemwokoa sijapewa hata asante. Muuguzi kasema bila mkono wangu Sindano angejua siku mbili mapema. Watu hawana shukrani.
Narudia kikopo, mke wangu msimamizi. Kiuno nacho kitapimwa upya. Muuguzi kakiri tepu yake imechoka, kaniomba, kama fundi, nimletee mpya.
Nimeishona leo. Mwanzoni, kabla ya sifuri, nimeunga sentimita nane zisizo na namba, uzi hauonekani. Kuanzia Jumatatu mtaa mzima utakuwa umepungua.