Sita Wenye Dawa, Sita Wasio Nayo

Jumatatu, 10 Oktoba 1966
Vifaranga wangu wa bata mzinga walikuwa kumi na wanne. Sasa kumi na wawili. Kinyesi cheupe, mbawa chini, kisha basi. Dada yangu Mwanatumu ametoa hukumu: akifa wa tatu, wote wanakwenda Makupa kwa mnunuzi, naye anaanika nguo zake darini, hapo juu ya nyumba walipo sasa. Dari yangu! Mahali pekee Mji wa Kale panapoonyesha mbingu nzima, kama kwetu Siyu, nilikotoka miaka thelathini na moja iliyopita.

Jumanne, 11 Oktoba
Amekuja Thoya, bwana mifugo. Asema ni vijidudu vya tumbo. Nichanganye unga wake wa manjano katika chakula. Ameacha pakiti. Nikamjulisha kwamba ninayo dawa yangu: habasoda, kitunguu saumu na siki. Mama alitutibu kwayo, na sote tulikua. Karibu sote. Thoya akauliza, kwa adabu kabisa, kama tulikuwa na manyoya. Mwanatumu akacheka mpaka akakaa ngazini.

Jumatano, 12 Oktoba
Nitamwaibisha Thoya kwa elimu. Nimesoma kwamba nguvu ya dawa haijulikani ila wengine wakinyimwa. Nimetia wavu katikati: sita wa kulia wanapata dawa yangu, sita wa kushoto pumba tupu. Mwanatumu akauliza hawa wa kushoto wamenikosea nini. Nikamweleza taratibu. Akasema hata wageni wa harusi hawafanyiwi hivyo, sahani ipite kwa hawa, wale watazame. Hajui majaribio, maskini.

Ijumaa, 14 Oktoba
Ajabu. Wa kushoto wanarukaruka. Wa kulia wanahara, na mmoja hasimami. Nimeongeza siki.

Jumamosi, 15 Oktoba
Huyo mmoja amelala ubavu tangu alfajiri. Nimemfunika kwa kikoi changu. Mwanatumu akapanda, akamtazama, akakiri: tangu Jumatano wa kushoto anawapa unga wa Thoya. Roho haikumpa kuona sita wanatibiwa na sita wanaachwa. Jaribio zima limeharibika! Nikamwambia ameihujumu elimu. “Kaka, kilichohujumu ni siki yako,” akasema, akazoa chakula changu chote akaenda kukitupa. Sasa wote wanapewa unga wa manjano. Nikakaa na mgonjwa. Sikula.

Jumatano, 19 Oktoba
Amesimama! Amenidonoa kidole! Kumi na wawili kamili. Thoya alipita kuwatazama, akanipongeza kwa sauti ambayo sikuipenda. Mwanatumu ameniachia dari kwa sharti moja: chakula cha vifaranga ni kazi yake, nami nisikitie kitu, hata punje ya habasoda. Nikaapa mbele ya Thoya, mkono juu.

Kiapo ni kiapo, nami si mtu wa kuvunja ahadi. Chakula ni chake.

Maji hatukuyataja.