Kiti cha Baba Juu ya Genge la Megara

Jumatatu, mwezi siku ya nane

Naandika kwa herufi za Kifoinike, lugha ya mama. Baba anajua Kigiriki tu, kwa hiyo humu niko salama.

Leo baba kasema kazi imemchosha. Kazi yenyewe ukoo wetu wote unaijua: baba, Skironi, hukaa kitini ukingoni mwa genge, msafiri humwosha miguu, na akishainama vizuri hupigwa teke. Chini kuna kasa mkubwa kama mtumbwi. Yeye humalizia. Hiyo ndiyo familia yetu! Babu ni Poseidoni, mwenye bahari.

Kiti kitakuwa changu nikimpatia msafiri mmoja kabla jua halijazama Jumapili, siku ya mwezi mpevu. Nikishindwa anapewa binamu Ormeno, mtoto wa baba mdogo Sinisi, yule mpinda misonobari, afungaye wasafiri juu yake kisha huiachia iwararue. Ormeno! Mtu anayecheka huku anatafuna.

Jumanne, siku ya tisa

Msafiri wa kwanza, mfinyanzi wa Korintho. Nilikuwa nimekariri: Nioshe miguu. Maneno mawili tu. Nikamtazama usoni, haya ikanishika. Yeye akaketi kwenye kiti cha baba, akavua viatu, akaninyooshea miguu kama mgeni yeyote nyumbani kwa watu. Mikono yangu ikaanza yenyewe. Mama ndiye alinilea hivyo: mgeni kwanza miguu, kisha mkate, jina mwisho. Nikamwosha mpaka katikati ya vidole. Nikampa na jibini.

Baba alikuwa nyuma ya jiwe, anakohoa. Nikamwambia nilikuwa nampima uzito. Ormeno ameshasikia, sijui kwa nani. Ameleta salamu kwamba ana sugu kisiginoni, niweke maji jikoni.

Alhamisi, siku ya kumi na moja

Dada Endeisi amekuja na mumewe kutoka Egina. Shemeji Aiako ndiye mwadilifu kuliko watu wote. Hata miungu ikigombana humwita aamue. Anaamini tunauza chumvi. Baba anajivunia mkwe huyu kuliko anavyojivunia mimi.

Nikapata wazo. Wazo kubwa! Kwa shemeji sioni haya, naye ni mnyenyekevu, hatakataa kuniosha miguu. Nitampiga teke dogo, ili tu lihesabiwe, kisha nimdake vazi.

Akakubali papo hapo. Akainama. Nikafumba macho, nikarusha mguu. Kumbe amegeuka kuchukua kitambaa! Teke likalipata beseni la shaba, zawadi ya babu siku baba alipooa. Likaruka ukingoni, likatua kichwani mwa kasa. Kasa akatutazama mmoja mmoja, akaogelea zake.

Ijumaa, siku ya kumi na mbili

Shemeji akatukalisha uani, akauliza kulikoni. Baba, ili siri isitoke, akasema mtoto huyu hajui kuhudumia wageni. Shemeji akafikiri, akaniambia, "Basi, shemeji, utaosha miguu ya kila msafiri apitaye hapa, mwaka mzima, palepale penye kiti."

Hukumu ya Aiako haivunjwi. Baba akasema sawa, mkwe wangu, kama mtu anayemeza mfupa.

Lakini tazama vizuri. Penye kiti. Mwaka mzima. Mimi! Ormeno na apasuke.

Jumapili, mwezi mpevu

Asubuhi Ormeno amepita mbio, hacheki. Kasema kuna kijana wa Troizene, ana upanga na viatu alivyoachiwa na baba yake mwenyewe. Amemfunga baba mdogo Sinisi kwenye misonobari yake mwenyewe, akaiachia, ikamrarua. Ormeno akatusihi tukimbie. Nikampa pole, lakini moyoni nikasema hayo huwapata wasioijua kazi yao.

Alasiri kijana mwenyewe akafika. Mpole! Nikamvua viatu, vikubwa kweli, nikamwosha. Hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza vile. Haya yote ikanitoka. Nikamweleza ukoo wetu, genge, namna baba anavyokaa. Akauliza baba hupiga kwa mguu upi. Wa kulia, nikamwambia, na kabla ya kupiga huvuta pumzi. Akauliza tena, ili asisahau. Kijana mwenye hamu ya kujifunza! Kisha, bila hata kuombwa, akasema angeona fahari kumwosha mzee miguu.

Nimepata msafiri, na jua bado liko juu! Nimemwita baba. Ameshuka na joho lake la sikukuu, kamkagua kijana, kanishika bega. Kasema, "Leo umekuwa mwanangu."

Miaka kumi na mitano nalisubiri neno hilo.

Baba ameshaketi. Kijana amepiga magoti, anakunja mikono ya vazi. Naacha kuandika hapa, nataka nisimame mbele nione vizuri.