Mhasibu Alinikonyeza Nikidai Mshahara

Kwa nini mhasibu alikuwa ananikonyeza? Saa nne asubuhi sikuwa na jibu. Jamani, leo nimeaibika hadi masikio yamepata moto.

Nafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Makole. Laki sita kwa mwezi, napokea kwenye bahasha. Leo nilikuwa na kikao cha mwisho kwenye kiwanda cha mafuta ya alizeti, Nzuguni. Kazi walishanipa, kilichobaki ni mshahara. Nami nilikuwa nimeapa: sitoki pale bila laki tisa za kushika mkononi, kwa sababu mdogo wangu Neema amekosa mkopo na ada yake ya mwaka wa pili inanisubiri mimi.

Nilijiandaa. Niliangalia video moja mara sita. Kijana mwenye suti anasema: "Taja kiasi chako kabla ya makato, kama wataalamu. Kisha usishuke!" (Chuoni nilikuwa namdai mhadhiri ushahidi wa kila sentensi mpaka akaacha kuniangalia. Huyu wa video sikumuuliza hata jina.)

Ndani nikakuta watu wawili: mkurugenzi, mama mtu mzima mwenye miwani, na mhasibu, kaka wa rika langu mwenye kikokotoo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sisi tumefikiria laki tisa na nusu, mkononi. Makato yote tunabeba wenyewe."

Sikusikiliza. Nilikuwa nasubiri zamu yangu ya kuongea.

"Hapana, mama. Milioni moja na laki mbili. Kabla ya makato."

Mama akavua miwani. "Kabla ya makato? Una uhakika?"

"Sishuki."

Hapo ndipo mhasibu akaanza. Jicho la kushoto. Nikatazama pembeni. Akakohoa, akakonyeza tena, akanisogezea kikokotoo. Nikawaza: mtu wa namna gani huyu anatongoza kwenye kikao cha mshahara?

"Dada, labda ungepiga kwanza..."

"Kaka!" nikamkata, kwa sauti ya mwenyekiti wa mtaa. "Naomba uheshimu kikao. Nimekuja kutafuta mshahara, sijaja kutafuta mchumba."

Mama akamtazama mhasibu. Mhasibu akatazama dari. (Ana pete ya ndoa. Niliiona baadaye.)

"Haya binti, umeshinda," mama akasema. Akaandika, nikasaini. Nikatoka natembea kama niliyenunua kiwanda.

Getini nikampigia Neema: "Ada imepatikana, panga begi!" Sijakata simu, mhasibu huyo, anakuja mbio. Safari hii hakukonyeza. Alinipa karatasi tu. Mfuko wa pensheni. Kodi. Mkopo wangu mwenyewe wa chuo, ambao duka la bahasha halijawahi kuukata. Na chini kabisa, kiasi nitakachoshika: laki saba na elfu arobaini na nane.

Yaani nimekaza shingo, nimepigana, nimejipunguzia laki mbili!

"Ndicho nilichokuwa nakwambia, dada," akasema. "Kwa jicho."

Ningeweza kwenda nyumbani kulia. Nikarudi ndani.

"Mama, naomba nishuke."

"Ushuke wapi?"

"Laki tisa na nusu. Ile yenu ya kwanza. Mkononi."

"Si ulisema hushuki?"

"Nashuka, mama. Nimeshashuka."

Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Kisha akafungua mlango wa chumba cha pili. "Njooni mwone! Tangu nianze kuajiri, huyu ndiye wa kwanza kurudi kuniomba ashushwe mshahara!"

Wakaja watu saba. Na mpika chai. Nikasimama palepale, kidevu juu, mpaka mkataba wa kwanza ukachanwa na mpya ukasainiwa. Mbele ya wote nikamwomba mhasibu radhi. ("Usijali, dada. Ila mke wangu nitamsimulia.") Neema anarudi chuo.

Mkicheka, chekeni kimoyomoyo, bado nauguza aibu. Maana jioni hii mhasibu ameniandikia ujumbe: mama alikuwa tayari kupanda hadi milioni moja mkononi, kama tu ningeuliza, "Hamwezi kuongeza kidogo?"