Malalamiko Juu ya Kumpigia Mume Wangu Muziki Wake Mbele za Watu

Mwalimu Nduku Kivuva (Mstaafu),
Kiboko, Kaunti ya Makueni.

Kwa Meneja wa Okestra,
Nairobi.

Ndugu Meneja,

KUH: KUNIHARIBIA JINA MJINI KOTE JUMAMOSI ILIYOPITA

Natumai u mzima, na wale watu wako sitini na wawili walifika Nairobi salama pamoja na ile ngoma kubwa iliyokataa kupita mlangoni. Huku sote tu wazima. Ni mimi tu siwezi kwenda sokoni.

Kwa kuwa hatujaonana, mimi ni mke wa Kivuva, huyo mnayemwita mtunzi. Mimi humwita Baba Mbithe. Kazi yake hadi alipostaafu ilikuwa kupima mvua kwenye kituo cha utafiti: asubuhi anatoka, anaangalia chombo, anaandika kwamba hakuna, anarudi. Mtu mwenye kazi kama hiyo hubaki na siku nzima mkononi, na yeye yake aliitumia kuandika jazi. Si jazi ya saksafoni moja ya harusini, hiyo ningeivumilia. Ni jazi ya fidla ishirini, tarumbeta, klarineti, na vyombo vingine ambavyo ukizunguka Makueni yote hutavipata. Miaka ishirini na miwili meza yangu imejaa karatasi, sisi tunakula sahani zikiwa mapajani.

Muda huo wote nimesema kwamba huo si muziki. Nimesema nyumbani, nimesema kwenye kikundi cha akina mama ambacho mimi ni mwenyekiti wake, na siku ya harusi ya binti yetu Mbithe nilisema kwenye hotuba. Watu wa hapa walikuwa wakinihurumia vizuri sana. Huruma hiyo mmeniondolea kwa alasiri moja, ndiyo maana nimeshika kalamu.

1. Karatasi zake mlizisoma bila ruhusa. Najua mtasema kwamba Wakiuru, msichana wenu wa fidla, alinunua ndengu Emali zikiwa zimefungwa kwa ukurasa wa muziki, akausoma palepale sokoni, akaanza kuulizia mwenyewe mpaka akafika kwetu. Ni kweli karatasi hizo mimi ndiye niliyempa muuza ndengu, gunia nusu, Baba Mbithe akiwa kanisani. Sikujua ana nakala chini ya kitanda. Lakini jameni, mtu akinunua ndengu si apike ndengu? Nimefundisha miaka thelathini na mmoja na sijaona mtu mwenye adabu anayesoma karatasi ya kufungia.

2. Mmeandika mtandaoni ati "wananchi wa Makueni walisimama wote kwa heshima katikati ya onyesho". Si kweli, na mimi nilikuwepo. Sehemu ya kwanza ilipoisha, yule bwana wenu wa kijiti, anayewaongoza, aliinua mikono yote miwili juu, akatulia. Sasa, Ndugu Meneja, huku kwetu mtu akisimama mbele akainua mikono namna hiyo, ibada imekwisha, anatoa baraka. Shemasi Kimeu akasimama, ukumbi wote ukasimama, tukasema Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo mpaka Amina, na akina mama wa chai wakatoka kwenda kuteremsha sufuria. Bwana wenu akabaki na mikono hewani kama mtu anayeanika shuka. Kwamba alikuwa ametupa mgongo tulimsamehe, tulidhani dhehebu lake ndivyo linavyofanya. Kwa hivyo hatukusimama kwa heshima ya muziki. Tulisimama kwa sababu tulidhani mmemaliza, na wengine tulishukuru. Naomba maandishi hayo yarekebishwe.

3. Mwishoni watu walisimama tena. Hilo nimelichunguza. Viti vilikuwa vya plastiki, jua lilikuwa likiingia upande wa kushoto, na tulikuwa tumekaa saa mbili. Watu walisimama kunyoosha miguu. Kwamba walipiga makofi mpaka vumbi likatoka darini, na kwamba Shemasi Kimeu alirusha kofia yake na hajaipata hadi leo, hayo ni mambo ya damu kurudi miguuni.

4. Leso. Kikundi changu nilikileta mwenyewe, kije kisikie kwa masikio yake kwamba nilikuwa nikisema kweli. Haki ya Mungu, walipanda jukwaani bila idhini ya mwenyekiti wakamfunga Baba Mbithe leso. Leso tatu! Moja juu ya nyingine! Mimi nimewaongoza miaka tisa na sijafungwa hata kitambaa cha mkono. Halafu Kalondu, katibu wangu, ambaye kila Jumanne hunipa pole kwa kuolewa na mtu wa makelele, akanigeukia akiwa amelowa machozi, akaniuliza hasa nilikuwa nikilalamikia nini. Nilimwambia afute machozi kwanza, tutajadili Jumanne. Mimi si mtu wa kuahirisha jibu, waulize niliowafundisha darasani.

5. Nyumbani hakukaliki. Watu wanakuja kumsalimia. Jirani ameleta mbuzi, nikauliza ni wa nini, akasema ni wa mtunzi. Lakini hayo ni madogo. Kinachoniuma ni kwamba Baba Mbithe mwenyewe hajabadilika. Hajaniambia hata mara moja "uliona?" Angenisimanga ningemjibu, tungegombana, yangeisha. Yeye ananimiminia chai, anakaa kando yangu, ananyamaza vilevile alivyokuwa akinyamaza nilipomtangaza kwa watu. Nimeishi naye miaka thelathini na minane. Ikiwa mimi ndiye niliyekosea, basi nimemkosea mtu mwema kila siku kwa miaka ishirini na miwili, mbele ya kanisa zima, na siku ya harusi ya mtoto wake. Jambo hilo siliwezi, Ndugu Meneja. Nimejaribu kulibeba tangu Jumamosi na nimeshindwa kulala.

Kwa hivyo ni lazima aliyekosea awe ni nyinyi. Naomba mambo yafuatayo, na sidhani ni mengi:

Kwanza, mwandike barua yenye muhuri kwamba mlidhani ni muziki, kisha mlipofika nyumbani mkagundua kuwa si muziki. Isomwe kanisani kwetu Jumapili, kabla ya matangazo.

Pili, vyombo vyote vilivyoshiriki vikaguliwe na fundi asiyekuwa na upande, maana nashuku vilikuwa vizuri kupita kiasi. Hata wimbo wa kubembeleza mtoto ukipigwa na watu sitini na wawili waliovaa nyeusi utamliza Kalondu.

Tatu, wote waliohudhuria warudishwe ukumbini, kila mtu kwenye kiti chake, mpige muziki huo tena vibaya, na safari hii watu wakae chini mpaka mwisho. Chai tutapika sisi.

Nne, onyesho la Kitui la mwezi ujao lisifanyike kabisa. Makueni mmeshaniharibia. Kitui nina dada, Mumbua, ambaye bado ananiamini. Niachieni huyo mmoja.

Msalimie Wakiuru, mwambie ndengu za mwaka huu ni nzuri na zimefungwa kwa gazeti. Msalimie yule mzee wa besi aliyetusaidia kupanga viti, na yule mama wa filimbi aliyeomba chapati ya pili. Bwana wa kijiti msalimie pia, sina kinyongo naye kama mtu.

Ni mimi, nikingoja barua yenye muhuri,

Mwalimu Nduku Kivuva (Mama Mbithe),
Mwenyekiti.

Tanbihi: Kuna jambo moja zaidi. Tulipomaliza kusema Amina, bwana wenu alichanganyikiwa, akafunua karatasi mbele kupita kiasi, mkaruka mahali ambapo klarineti hubaki peke yake. Ukumbini hakuna aliyejua isipokuwa Baba Mbithe. Nilimwona ameweka mkono gotini akiingoja, ikapita, akaurudisha mkono mfukoni. Yeye hatawaambia, ni mtu wa kushukuru tu, kwa hivyo nawaambia mimi. Kipande hicho alikiandika mwaka niliovunjika mguu nikalazwa miezi minne. Alikuwa akija kila adhuhuri, anakaa ukingoni mwa kitanda, ananipigia kwa mluzi, na mimi namwambia aache, wagonjwa wamelala. Kinaanzia chini, kinapanda mara tatu, na mara ya tatu hakifiki juu, kinashuka polepole kivyake. Kitui kisikose. Mumbua ameshaniwekea kiti safu ya mbele. Mkikiruka tena nitakiimba mwenyewe papo hapo nilipokaa, chote, na mtangoja nimalize.