Mtu wa Kofia ya Reli Msibani

Nani kasema nilikuwa nimelewa? Pombe yenyewe ya msiba ilikuwa haijachujwa! Nilikuwa mzima, macho makavu, ndiyo maana aibu imenikaa. Leo nimeumbuka, jamani. Sikilizeni kwanza, halafu mbishe.

Mnajua baba yake Masinga kafa. Na Masinga ni rafiki yangu. Anayemgusa yeye kanigusa mimi. Asubuhi tumechimba kaburi zizini, jua linapanda, tunataka kuzika.

Akatokea mtu. Kofia ya reli kichwani, filimbi shingoni, koti la vifungo vya kung'aa. Salamu hakuna, pole hakuna. Kabeba kigoda cha marehemu, kakiweka kando ya kaburi, kakikalia! Kisha akajifunika blanketi la marehemu.

Nikajua huyu katumwa na boma la Wadachi, kaja kukamata vitu vya kodi. (Mimi nikiona vifungo vinang'aa, akili inahama.)

"Kafa kweli?" akauliza. "Afadhali! Mchoyo mkubwa. Mtupieni fisi, ingawa fisi naye atamkataa."

Watu wote wameinamisha vichwa, mabega yanatikisika. Nikasema moyoni, wanaogopa kiboko. (Kumbe wanazuia kicheko.) Nani amtetee mzee wetu? Mimi!

Nikamkwida koti, nikamsukuma. Chali, mpaka kwenye samadi!

Mama yake Masinga akapiga yowe. "Mwanangu, umefanya nini? Huyo Kasanda, mtani wetu, wa kumtukana marehemu na kumzika! Mnyamwezi huyu analala kwetu tangu enzi za kubeba pembe za ndovu!"

Mtani! Watani niliowazoea mimi huja na kaniki na mzigo begani. Nani alimtuma akafanye kazi reli?

Kasanda akakunja mikono. "Sifukii. Mzikeni wenyewe, bila tusi, kama mtu aliyeokotwa njiani."

Masinga akanitazama. Heri angenipiga.

"Nisamehe, mtani," nikasema.

"Lala."

"Wapi?"

"Humo shimoni. Maiti wangu umemharibu, nipe mwingine."

Nikashuka. Nikalala chali, mikono kifuani. (Ningefanyaje? Mzee wa watu anasubiri.)

Kasanda akachungulia. "Huyu kauawa na hasira! Kichwa mtungi, ndani hata machicha hamna. Wasichana mlioponea kuolewa naye, vigelegele!"

Wakapiga! Wote! Hata wale niliodhani wananipenda.

Kisha akapuliza filimbi, akanimwagia udongo usoni. "Gari la moshi la kuzimu linaondoka! Asiye na safari ashuke!"

Mama yake Masinga, anayelia tangu jana, akacheka mpaka akakaa chini. Masinga naye akacheka, machozi yanamtoka. Ndipo Kasanda akanivuta mkono nikatoka, akamzika mzee kwa matusi mazuri kuliko yote niliyowahi kusikia.

Udongo ninao masikioni mpaka sasa. Haya, wewe unayebisha: tusi ni lile lile, huyu akilitoa ni heshima, yule akilitoa ni vita. Mtu kakalia kigoda cha baba wa rafiki yako, vifungo vinang'aa. Wewe ungejuaje?