Mkwe Anayeijua Mvua ya Mwaka 2070

Mazingara,
Handeni.

Kwa Profesa Evodia,
Msimamizi wa utafiti wa Dk. Sufiani,
Chuoni.

Ndugu Profesa,

YAH: KUCHELEWA KWA NDOA YA BINTI YANGU KUTOKANA NA MABADILIKO YA TABIANCHI

Natumaini barua hii itakukuta mzima na ukiwa na nafasi ya kukaa chini. Mimi ni Athuman Mdoe, mkulima wa mahindi na machungwa, baba wa Mwaija, fundi cherehani wa Manundu, pale Korogwe mjini. Binti huyu amechumbiwa na kijana wako Sufiani, mwenyeji wa Mashewa. Walijuana kupitia suruali. Kijana aliingia hifadhini kupima vichaka, akatoka na suruali imechanwa na miiba, akaipeleka kushonwa. Wiki iliyofuata akapeleka nyingine. Ya tatu, Mwaija anasema, ilichanwa kwa mkasi.

Posa ililetwa, ikapokelewa kwa heshima zote. Huu ni mwaka wa pili. Kila nikiuliza siku ya harusi, napewa elimu. Ndiyo maana nakuandikia wewe mwenye kijana, bila chuki na mtu yeyote, kama ifuatavyo:

1. Cheo chake. Tuliambiwa amemaliza masomo mpaka udaktari, nikawatangazia watu msikitini. Jirani yangu Bi Maryamu, ambaye goti linamsumbua tangu vuli, akaja na goti lake, akalinyoosha mkekani mbele ya kijana. Sufiani akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa adabu, "Bibi, mimi ni daktari wa majani." Bi Maryamu akajibu, "Basi nipe hayo majani nikachemshe." Mpaka leo anaamini kijana ana uchoyo wa dawa. Nilipomuuliza sasa anafanya kazi gani hasa, akasema ni mtafiti wa baada ya uzamivu. Yaani amezama, ameibuka, na bado yuko majini. Profesa, mtu akishafika mwisho wa masomo, huko mbele anasoma nini?

2. Siku yenyewe. Nilimkalisha barazani nikamuuliza kwa Kiswahili chepesi, "Mwanangu, lini?" Akafungua kompyuta. Akanieleza kwamba anatengeneza modeli, yaani hesabu kubwa ambayo unailisha mvua, joto, moto na hewa ya ukaa, nayo inakuonyesha uoto wa hifadhi utakavyokuwa miaka mingi ijayo, wapi nyasi zitabaki na wapi vichaka vya miiba vitazimeza. Nikasema vizuri sana, na harusi? Akasema, "Mzee, hiyo nayo ina makisio matatu." La kwanza, dunia ikipunguza moshi mapema, mvua zitatulia, mavuno yatakuwa mazuri, na harusi itakuwa baada ya mavuno. La pili, dunia ikijivutavuta, harusi mwakani. La tatu, dunia isipopunguza kabisa. Hapo akanywa chai yote.

Mimi, Profesa, nilimuoa mama yake Mwaija bila kuzihusisha nchi kubwa.

3. Magugu. Kijana aliniomba kona ya shamba ili alinganishe majani ya hifadhini na ya kwetu. Mkwe akiomba huwezi kukataa. Akaizungushia kamba ya njano, akapiga marufuku jembe. Mke wangu, ambaye tangu utoto wake hajawahi kuliona gugu akaliacha hai, sasa anayapita yakiwa yamesimama kifua mbele, kila moja na kibao chake cha jina la Kilatini. Wapita njia wananiuliza, "Mgosi Athuman, magugu yako hayajambo?" Najibu hayajambo. Na kweli hayajambo, kuliko mahindi.

4. Ramani. Hili ndilo linaloniuma. Siku ya kikao cha familia mbili, mimi mwenyewe nilimwomba Sufiani aeleze kazi yake, wazee wapate kumheshimu. Akatandika ramani ya mwaka 2070, hifadhi na vijiji vyote. Mashewa kwao, kijani. Mazingara kwetu, kahawia. Baba yake mkubwa, Mzee Ramadhan, akakohoa, akatupa pole. Pole, Profesa, katika kikao cha mahari! Akaongeza kwamba mambo yakiwa magumu, wazazi wa bibi harusi tunaweza kuhamia kwao, nafasi ipo. Tangu siku hiyo, akija mgeni kutoka Mashewa, mke wangu humkalisha chini ya mchungwa uliozaa zaidi, na habanduki mpaka mgeni ameinua macho.

Baadaye nilimvuta kijana pembeni, nikamuuliza kama ile kahawia ni kweli. Maana miti ile niliipanda ili wajukuu waikute. Hakunicheka. Alisema, "Baba, ningekuwa na uhakika nisingehangaika kupima. Napima ili tujue mapema, tuone la kufanya." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita Baba. Nilikuwa nimeshajiandaa kukasirika, ikabidi niahirishe.

5. Mbuzi. Upole uliposhindikana, mbuzi wangu walifunguka kwa bahati mbaya, nikiwa nimewashika kamba. Wakaingia ndani ya ile kamba ya njano wakala Kilatini chote na kibao kimoja. Mpango wangu ulikuwa huu: kijana atafoka, mimi nitafoka, wazee wataitwa kusuluhisha, na katika suluhu nitadai tarehe. Sufiani alifika, akasimama. Kisha akapiga magoti, akaanza kuandika mbuzi wameanza na jani gani na wameacha lipi. Akanishukuru. Akasema modeli yake ilikuwa na upungufu mkubwa upande wa malisho, na kama sitajali, niwalete tena wiki ijayo. Profesa, nimenyimwa hata ugomvi.

Kwa hayo machache, naomba utekeleze moja kati ya haya. Ama uziandikie nchi kubwa zipunguze moshi kabla ya mavuno ya mwaka huu, maana nasikia huwa mnakutana nazo mikutanoni. Ama uibadilishe rangi ya Mazingara. Si lazima iwe kijani, hata njano tutashukuru. Ama uitoe ndoa ya binti yangu ndani ya modeli, uirudishe kwa shehe, ambaye hana makisio. Lisipofanyika hata moja, nitalazimika kutengeneza modeli yangu mwenyewe. Nitailisha wachumba wengine, niangalie Mwaija ataota wapi.

Nisalimie wote hapo chuoni, wanaopima mvua na wanaopima majani, na dereva wa lile gari lenu lililokwama huku kwetu. Mwambie tope limekauka. Mama Mwaija anakusalimu. Bi Maryamu anakusalimu pia, na anauliza dawa.

Wako katika ujenzi wa familia,

Athuman Mdoe,
Baba wa bibi harusi mtarajiwa, mtarajiwa, mtarajiwa.

N.B. Barua hii nilimpa Mwaija aipeleke posta Korogwe. Hakuipeleka. Aliisoma, akapanda gari akarudi nayo mpaka Mazingara, akaketi mbele yangu. Akasema, "Baba, Sufiani ananiomba tarehe tangu siku ya posa. Mimi ndiye sikumpa. Nilimwambia ukimuuliza, akujibu kitu kirefu."

Nikamuuliza sababu. Akasema cherehani anaweza kukihamisha, na mume akimshinda wazee wapo, ila baba ni huyuhuyu, na yeyote atakayemuoa atakuwa na mimi barazani maisha yake yote. Alitaka kwanza aone kama kijana atanichoka. "Juzi mlikwenda wote hifadhini asubuhi," akasema, "mkarudi jioni mnabishana juu ya mti mmoja, na ukamkatalia asiondoke mpaka ale. Nikajua imetosha."

Ni kweli tulibishana. Kijana alikuwa amekosea, na alikubali vizuri.

Kwa hiyo namba moja mpaka tano zifute zote. Barua naituma hivihivi kwa sababu nilitumia karatasi nzuri. Harusi ni Ijumaa ya kwanza baada ya mavuno, moshi upungue usipungue, na wewe, Profesa, utakaa upande wetu. Nilipomweleza Sufiani tarehe, aliuliza, mvua ikinyesha siku hiyo tutafanyaje.

Nikamwambia tutalowa.