Yah: Ombi la Kuhesabiwa Upya Umri Wangu

Lavonia Cuthbertson
Barabara ya Tarboro, Na. 118
Pender Mill, Karolina ya Kaskazini
9 Oktoba

Kwa Mkurugenzi,
Ofisi ya Wahitimu,
Chuo Kikuu cha Hollis Grove

Mheshimiwa Mkurugenzi Applewhite,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa ofisini kwako. Mimi sijambo, ila nina malalamiko, na kwa kuwa ualimu nimeusomea hapo hapo chuoni kwako, nitayapanga kwa namba ili usipotee njiani.

Kabla ya namba, nijitambulishe vizuri, maana tulipozungumza kwa simu ulikuwa na haraka. Mimi ni mhitimu wa Hollis Grove, mwaka 2021, Elimu ya Watu Wazima. Kabla ya hapo niliendesha basi la shule miaka ishirini na saba. Sasa hivi, Jumatano na Jumamosi, nafundisha watu wazima kusoma kwenye duka la mashine za kufulia la rafiki yangu Verlene. Nguo zikizunguka ndani ya maji tunajifunza somo jipya, zikiingia kwenye kikaushio tunarudia la zamani. Nilichagua pale kwa sababu mtu mzima asiyejua kusoma hataki kuonekana akiingia darasani, lakini hakuna anayemshangaa mtu aliyebeba nguo chafu. Mpaka leo wamehitimu arobaini na sita. Shemasi Otha, mwenye miaka sabini na mbili, alikuja na shati lile lile moja wiki kumi na moja mfululizo. Wiki ya kumi na mbili alikuja bila shati, na barua ya kaka yake aliyefariki, ambayo mkewe alikuwa akimsomea kila Krismasi. Akaisoma mwenyewe, mbele ya mashine namba sita. Alipomaliza akaniambia, "Kumbe yule mwanamke alikuwa anaruka mistari."

Sasa malalamiko.

1. Mlinipa, kisha mkaninyang'anya.

Mwezi Agosti, Daktari Kierra Boddie, yule daktari wa meno anayezunguka vijijini na kliniki yake ndani ya basi, alijaza fomu kunipendekeza kwa tuzo yenu ya Arobaini Kabla ya Arobaini. Mnajua wenyewe tuzo hiyo ni ya wahitimu arobaini wasiofika miaka arobaini, waliong'ara kazini na kwa kuwatumikia watu wao. Kamati yenu ikasoma maelezo yake, ikanichagua. Barua ya pongezi ikaja na muhuri wa dhahabu. Mchungaji akaisoma ibadani, waumini wakasimama. Kinyozi wa mtaani akabandika picha yangu kati ya wacheza kikapu wawili. Verlene akaagiza meza tatu kwenye sherehe ya tuzo. Mimi nikanunua gauni la rangi ya zambarau na kofia ambayo haingii mlangoni nikiwa nimeinua kichwa.

Halafu mkaomba picha ya kuweka kwenye kijitabu. Nikatuma ile niliyopiga na sare yangu nyeupe ya uhudumu wa kanisa. Siku ya tatu ukapiga wewe mwenyewe, ukasema kwa upole sana, "Bi Cuthbertson, kuna hitilafu ndogo kwenye umri." Mheshimiwa, umri wangu hauna hitilafu. Nimekaa nao muda mrefu kuliko wewe.

2. Fomu yenu ndiyo iliyokosea, si Kierra.

Kwenye simu ulidokeza kwamba Daktari Boddie alidanganya. Hakudanganya. Fomu ile ina kisanduku cha mwaka wa kuzaliwa, na miaka iliyomo inaishia 1984. Kierra alitafuta 1963 akaikosa. Akachukua ulio karibu zaidi, kama mtu anayekosa kiatu cha saizi yake akachukua kinachokaribia. Ikiwa chuo kikuu kizima hakitambui kwamba mwaka 1963 uliwahi kuwepo, basi na mimi siwezi kuwa nimezaliwa mwaka huo. Hilo peke yake lingetosha, lakini naendelea.

3. Miaka tisa ya Roscoe.

Niliolewa na Roscoe miaka tisa. Mwaka wa tisa ikagundulika kwamba ana mke mwingine halali kule Karolina ya Kusini, mwenye watoto wanne na trekta. Jaji akatamka kwamba ndoa yangu ihesabiwe kana kwamba haikuwahi kuwepo. Karatasi ninayo, nimeambatisha nakala. Basi nakuuliza kwa heshima: kama ndoa haikuwepo, miaka yake ilipita wapi? Serikali yenyewe imeifuta. Toa tisa kwenye sitini na moja, ninabaki na hamsini na mbili. Na ukinitazama ukutani kwa kinyozi, utaona hamsini na mbili ndiyo inayonikaa.

4. Reli.

Sheria inamtaka dereva wa basi la shule asimame kila anapofika kwenye reli, afungue mlango, asikilize kama treni inakuja. Njia yangu ilikuwa na reli nne, kwenda na kurudi. Nimepiga hesabu ya miaka ishirini na saba, dakika moja kwa kila reli, nikapata siku ishirini na saba kamili za kusikiliza treni ambayo haikuja. Siku hizo sikuishi, nilikuwa nikisikiliza. Naomba zitolewe pia. Sidai zaidi ya haki yangu. Ni wiki nne kasoro siku moja tu.

5. Bango la getini kwenu.

Hapa naomba usome taratibu. Getini kwenu kuna bango jekundu lililoandikwa MAISHA YAKO YANAANZIA HAPA. Bango hilo lilikuwepo mwaka 1981, nilipopita chini yake nikiwa na miaka kumi na minane na sanduku la baba. Niliishi hapo wiki saba. Wiki ya saba mama akapata kiharusi. Baba alikuja na gari lake la mizigo, akasimama nje ya bweni, kofia mkononi. Hakuniambia rudi nyumbani. Alisema tu, "Hawezi kushika kijiko, Vonnie." Nikafunga sanduku.

Nilimwogesha mama na kumlisha mpaka alipotutoka, na wakati huo wadogo zangu walikuwa wanahitaji viatu. Halafu kukawa na Roscoe ambaye hakuwepo, halafu basi. Njia yangu ilipita mbele ya geti lenu kila asubuhi na kila alasiri. Watoto walikuwa wakilisoma lile bango kwa sauti, wale waliokuwa ndiyo kwanza wanajua kusoma, na mimi nikiangalia mbele. Nilipostaafu nikiwa na miaka hamsini na minne, niliegesha basi siku ya Ijumaa, na Jumatatu nikapita chini ya bango kwa miguu yangu.

Sasa, Mheshimiwa, maneno yale ni yenu, si yangu. Kama maisha yangu yalianzia pale, basi yalianza 1981, yakasimama baada ya wiki saba, yakaanza tena 2017. Hivyo basi, kwa ushahidi wa chuo chenyewe, nina umri wa miaka saba na wiki saba. Nafuta madai yangu ya namba tatu na namba nne, kwa kuwa siyahitaji tena.

Natambua kwamba mtoto wa miaka saba hawezi kukaa meza moja na watu wazima wa miaka thelathini na tisa bila mlezi. Daktari Boddie amekubali kuwa mlezi wangu.

6. Tuzo ya Maisha Yote.

Baada ya kuninyang'anya, ulinipa pole kwa kunitunuku Tuzo ya Maisha Yote. Ulidhani nitafurahi. Nimehudhuria sherehe zenu tatu, na nimewaona wanaopewa tuzo hiyo. Wanaletwa na wajukuu, wanapewa kipande cha kioo, wanaulizwa kama wanasikia vizuri. Ni tuzo ya kumwambia mtu asante, sasa pumzika. Mimi Jumatano nina darasa. Nina mwanafunzi mpya, fundi bomba, ambaye bado anachanganya b na d na hajamwambia mkewe. Maisha yangu yote bado hamjayaona, mnayatolea tuzo ya nini? Tena ni ajabu kumtunuku maisha yote mtoto wa miaka saba.

7. Kierra.

Hili ndilo limenifanya nichukue kalamu. Kierra mwenyewe yumo kwenye arobaini wenu mwaka huu, na anastahili kuliko wote. Ana miaka thelathini na tatu. Alipofungua kliniki yake alikwenda kwenye mnada wa mabasi chakavu ya wilaya, akanunua namba 214, basi nililoliendesha mimi mpaka siku ya mwisho. Mahali nilipokuwa nakaa mimi sasa kuna sinki. Watu ambao hawajawahi kumwona daktari wa meno wanapanda ngazi zile zile nilizokuwa nawakemea watoto wao wasizipande mbio.

Aliposikia mmenikata, alikuja dukani Jumamosi na koti lake jeupe, akakaa juu ya mashine namba mbili. Akasema, "Bi Lavonia, kama hawakupandishi jukwaani, na mimi sipandi."

Nikamwambia, "Utapanda. Nimekungoja miaka saba kwenye kona ya Tarboro, kila asubuhi unatafuta kiatu cha pili, na watoto wote wananipigia kelele tuondoke. Sikukungoja ili uje ukae chini."

Akaniuliza kwa nini nilikuwa namngoja. Sikuwahi kuulizwa. Nikamwambia ukweli, kwamba kila asubuhi alikuwa akipanda anasoma kwa sauti bango la duka, tangazo la sabuni, namba ya gari, chochote, na mimi nilikuwa sitaki lile basi lipite mbele ya geti lenu bila sauti yake. Akalia kidogo, kisha akasema lile koti lake lina doa, akaliingiza kwenye mashine, akakaa akanisaidia na yule fundi bomba mpaka likakauka.

Lakini bado hajanihakikishia kama atapanda. Ndiyo maana nakuandikia. Mkiniacha nje mtampoteza na yeye, na mtabaki na Thelathini na Nane Kabla ya Arobaini, jina ambalo haliingii vizuri kwenye kioo.

Kwa hayo yote, naomba ofisi yako itekeleze yafuatayo:

(a) Irekebishe umri wangu kuwa miaka saba na wiki saba katika kumbukumbu zote za chuo.

(b) Initangaze kuwa mtunukiwa mdogo kuliko wote katika historia ya tuzo, na niketishwe mbele, kama ilivyo desturi kwa watoto, ili nione.

(c) Watunukiwa wote wenye miaka thelathini na tano na kuendelea, ambao wamehitimu zamani kuliko mimi, wahamishiwe kwenye Tuzo ya Maisha Yote. Nimewatazama kwenye kijitabu. Wengine wameshaanza kuwa na mvi.

(d) Kama hayo hayawezekani, basi bango la getini literemshwe na libandikwe lingine lisemalo MAISHA YAKO YANAANZIA HAPA, LAKINI HATUHESABU. Mwanafunzi wangu Shemasi Otha atakuja kulihakiki kama limeandikwa sawasawa. Siku hizi haachii watu waruke mistari.

Nasubiri jibu lako kwa maandishi. Usinipigie simu Jumatano.

Msalimie mkeo, na yule binti wa mapokezi mwenye sauti nzuri ambaye alinisubirisha dakika ishirini huku akinipigia muziki. Wasalimie wanakamati wote, hata yule aliyeuliza kama picha ile ni ya mama yangu. Watu wa Pender Mill wanawasalimu, na Verlene anauliza kama meza tatu bado zipo.

Ni mimi mhitimu wenu mchanga, mwenye heshima zake zote,

Lavonia Cuthbertson

Tanbihi: Nilikuwa nimeshalamba bahasha Verlene aliponipigia. Ameongea na shangazi wa mpambaji wa ukumbi, na anasema ratiba imeshachapishwa. Kila mtunukiwa wa Arobaini Kabla ya Arobaini anapewa sekunde arobaini za kuzungumza, kisha kipaza sauti kinazimwa. Anayepewa Tuzo ya Maisha Yote hana kikomo, kwa kuwa hakuna anayethubutu kumkatiza. Tena anaruhusiwa kumwita jukwaani mtu yeyote asimame kando yake akiwa anazungumza. Nimemwambia Kierra, naye amesema hapo atapanda, mara mbili.

Kwa hiyo tafadhali puuza namba moja hadi saba, na (a) hadi (d). Nina miaka sitini na moja, nikitembea unasikia magoti. Cheti cha kuzaliwa nitakuja nacho. Hotuba yangu ina kurasa kumi na tisa, upande na upande. Waambie bendi wale kwanza.